Kona Niliyoiruka Nyakarenzo

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata rangi ya kofia naikumbuka. Ilikuwa nyekundu, kofia ngumu ya mashindano ya magari, na aliyeivaa ni Sadi, si mimi.

Wakati huo magari ya mashindano yalikuwa yanapita hapa kwetu. Yalianzia Bujumbura, yakala vumbi la Cyangugu, yakavuka mto Ruzizi na kumalizia Bukavu, nchi tatu kwa siku mbili. Mimi na Sadi tulikuwa mafundi wa gereji moja hapa Kamembe. Tajiri mmoja mwenye gari alitaka mtu wa kukaa kando yake amsomee kona zilizoko mbele wakati yeye anaendesha. Barabara nilizijua mimi. Akamchukua Sadi, eti ana sauti tulivu.

Wivu ulinikaba, sikufichi. Kila Sadi alipojaribu ile kofia mbele ya kioo nilitamani ipasuke, na kichwa nacho, Mungu anisamehe.

Kisha tajiri akanipa pikipiki na kaye, daftari la shule tu, nikaandike kona zote ambazo Sadi angesoma. Niliziandika vizuri. Ile ya Nyakarenzo, yenye mtaro uliobomoka, nikairuka. Nilitaka watoke barabarani kidogo tu, watu wamcheke.

Gari lilipinduka. Tajiri alitoka mzima, lakini mguu wa Sadi ulivunjika mara mbili. Nilipokwenda kumtazama hospitalini alinipa kofia, akasema mwaka ujao nitasoma mimi, kwa sababu yeye hataweza tena. Nikaipokea, mwanangu. Na aibu yenyewe ni kwamba nilifurahi.

Mwaka huo haukuja. Vita vilifunga mipaka, mashindano yakafa, na leo lami imepita juu ya kona zote. Kofia ikakaa kabatini miaka na miaka, sikuivaa hata siku moja.

Juzi nikairudisha. Sadi anakaa Gihundwe, bado anachechemea. Nilimweleza yote. Akaingia ndani, akarudi na kaye ile ile na kalamu.

"Ile kona niliitafutaka siku mingi mu kaye, haiko," akasema. "Andika sasa, papa."

Nikaandika: kona kali ya kushoto, mtaro umebomoka, punguza mwendo. Hakusema amenisamehe, nami sikuuliza.

Naona unavyonuna tangu mwenzako wa gereji achaguliwe kwenda Kigali kusomea magari ya umeme. Wivu haumkosi mtu. Mimi hata leo namwonea Sadi wivu, maana yeye angalau alikalia kile kiti. Lakini nenda leo ukamwambie kwa mdomo wako kwamba unamwonea wivu. Kisha akikuomba unachokijua, mpe chote. Ukimficha hata kidogo, unaweza kuipata nafasi yake na usiwe na pa kwenda nayo.

Mungu akupe safari yako mwenyewe, mwanangu, na kando yako akukalishie mtu asiyeruka kona.