Mgeni Aliyeandika Bila Kuuliza

Siku ile kule Issenye haijanitoka hadi leo, mwanangu. Umeniletea vitabu viwili, riwaya ya vijana na cha safari, ukaniuliza, "Shangazi, umevionaje?" Nitakujibu, ila mwenda pole hajikwai, nisikilize kwanza.

Nilikuwa kidato cha pili. Mgeni mmoja aliyewahi kupita kijijini kwa baiskeli alitutumia shuleni kitabu chake cha safari, mwalimu akatusomea huku akitafsiri. Tulifurahi mno: Issenye yetu, kitabuni! Tukasikia habari za nyumbu na vumbi. Kisha ikaja nyumba aliyolala. Mama mwenye nyumba, aliandika, alikuwa mtu baridi, hakutabasamu hata mara moja, na watu wa huku ndivyo walivyo.

Nyangi, niliyekaa naye dawati moja, akasimama. "Mwalimu, huyo ni mama yangu." Akaketi, akaficha uso.

Wote tulijua. Mgeni alipofika, mama yule alikuwa ametoka kumzika kitindamimba wake. Hata hivyo alimpikia ugali na kuku, akampa kitanda chake, yeye akalala chini.

Baada ya masomo tulimsindikiza Nyangi kwao, hasira zimetujaa. Nikasema, "Mama, tukichome moto kile kitabu."

Aliendelea kupepeta ulezi. "Msikichome. Ni kweli sikucheka. Ila hakuniuliza kwa nini." Akatutazama. "Angeuliza, ningemwambia. Hata jina la mtoto ningempa."

Nyangi akaenda kukaa karibu naye, wakapepeta pamoja.

Sasa vitabu vyako. Mwandishi wa hiki cha safari ana macho. Tembo wake wa Serengeti nimewaona hasa. Lakini amezunguka Nyamongo kutwa nzima kwa bodaboda, na dereva hana jina wala neno moja. Riwaya nimeipenda zaidi. Yule binti anagombana na mama yake kama mnavyogombana ninyi vijana na mama zenu (lugha yenu ya kwenye simu nimeivumilia), nami nilishamhukumu mama, hadi mwandishi alipompa nafasi ya kusema. Hapo nikaweka kitabu chini, nikafuta miwani. Mwisho umekimbizwa kidogo, lakini namsamehe. Bado kijana, ataandika vingine.

Soma, mwanangu, hata kinachokuudhi. Usikiite kitabu kibaya kabla hujakimaliza. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Ukimkuta mtu amenyamazishwa kwenye ukurasa, jiulize yeye angesema nini. Na siku utakapoandika wewe, maana naona unaelekea huko, usitoke nyumbani kwa mtu bila kumuuliza habari zake na kungoja ajibu. Mungu akupe sikio refu kuliko kalamu yako, na kila mlango utakaoubishia hodi, wakukaribishe.