Sauti Zilizokuwa Kwenye Flashi

Maktaba yetu ilikuwa ya tawi la chuo kisiwani Pemba, na tawi lenyewe dogo: chumba kimoja kirefu, rafu za vitabu upande mmoja, kompyuta upande wa pili, na dawati langu karibu na mlango, chini ya feni isiyozunguka. Kompyuta zilitufikia kuukuu, zimeshachokwa na wenyewe huko zilikotoka, na mimi ndiye niliyezifufua. Nikichomoa kipande kwenye iliyokufa, nakitia kwenye iliyo hai. Tulizipanga zikiegemea ukuta, kwa hiyo anayetumia alinipa mgongo, na mimi nikiwa nimekaa niliona kila kioo. Juu ya dawati nilibandika karatasi iliyoandikwa: Msaada wa kompyuta, uliza usione haya.

Nilikuwa na mradi wangu pia, na mradi huo niliushikia bango kuliko hata wakuu wa chuo. Tulikuwa na umeme wa sola unaotosha mashine sita kwa wakati mmoja, jua likipenda, na wino wa kuchapishia ulitoka Unguja kwa kubembeleza. Nikatangaza kwamba maktaba yetu itahifadhi mazingira. Karatasi zitumike pande zote mbili. Asiye na lazima asichapishe. Kompyuta nazo nilizitega zijisafishe kila zikizimwa, zisijae takataka za watu. Ukutani nikaandika kwa kalamu nene: Usichapishe, weka kwenye flashi. Wanafunzi wakanitania kwamba nalinda miti ambayo hata sijaiona, nami nikawajibu kwamba mkarafuu wa babu yao nao ni mti. Nilikuwa na maneno siku hizo.

Miongoni mwa walionisikiliza ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, jirani yetu wa Ole. Alikuwa amepita miaka arobaini, mama wa watoto wanne, na amepewa ruhusa kazini aje kutafuta shahada. Siku ya kwanza nilipompa kipanya cha kompyuta alikinyanyua hewani akakielekeza kwenye kioo, akangoja. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Hakukasirika. Alikaa na mimi kila siku baada ya vipindi, mara kusoma mara kukosea, mpaka akawa anaandika kwa vidole vyote na kuwasahihisha wenzake. Aliniita mdogo wangu. Mimi nilimwita mwalimu, ingawa pale mwalimu nilikuwa mimi.

Utafiti wake wa kumalizia masomo ulihusu mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na bahari. Alitaka kuwarekodi wanawake wakongwe wa Msuka, waseme maji ya chumvi yalikuwa yakiishia wapi walipokuwa wasichana na yanaishia wapi leo, maana jambo hilo halikuandikwa popote ila vichwani mwao. Tatizo ni kwamba hakuwa na mtu wa kumpeleka, na wanawake wa kule hawafungui mdomo kwa mgeni aliyekuja na kalamu.

Mama yangu alizaliwa Msuka, akaolewa Ole. Nikampeleka mwalimu kwa mama, na mama akampeleka Msuka. Nami nilifuatana nao siku ya kwanza ili niwaoneshe kinasa sauti cha chuo kinavyotumika. Mama alitangulizwa kurekodiwa ili wengine wasiogope. Alikaa kwenye tuta la bonde walilokuwa wakilima, akakitazama kile chombo, akauliza: "Hicho kidude chasikia?" Mwalimu akamwambia chasikia. Mama akakisogelea kama mtu anayesema na kiziwi. "Basi na kisikie. Hapa mie nimevuna mpunga. Nimevuna, nimepeta, nimelisha wanangu. Leo pana chumvi, hata kaa wanapakimbia." Kisha akacheka, na kicheko nacho kikaingia.

Walirudi Msuka mara nyingi bila mimi. Mwalimu alipomaliza alikuwa na wanawake kumi na mmoja. Alinijia akiuliza achapishe maelezo yao kidogo kidogo kila anapoyanukuu, ili awe nayo mkononi. Nikamwonesha maandishi yangu ya ukutani. Weka kwenye flashi, mwalimu, nikamwambia, karatasi za nini. Kinasa sauti kilikuwa cha kupokezana, kikafutwa, kikapewa mwingine. Flashi aliitia kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, akauning'iniza shingoni ndani ya buibui.

Halafu ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi yakaja yale tunayoyajua sote tuliokuwa Pemba. Watu walisusiana. Huyu hanunui samaki kwa yule, yule hapandi gari ya huyu, msikiti ukagawika, na salamu, ambayo ni sunna kuitoa na wajibu kuijibu, ikawa inachaguliwa wa kupewa. Baba yangu alikuwa sheha, mwakilishi wa serikali pale mtaani. Kuna watu walikwenda kwake kutaka barua za ukaazi za kujiandikishia kura wakarudi mikono mitupu, nao waliamini, na sidhani walikosea wote, kwamba barua zao zilizuiliwa kwa chama chao. Mimi sikuwa na kadi ya chama chochote. Lakini nilikuwa mtoto wa sheha, na hilo lilitosha.

Wanafunzi maktaba hawakuisusia, maana hawakuwa na nyingine. Walinisusia mimi. Waliingia, wakasaini daftari bila kuinua uso, wakapita. Mashine ikigoma, wanaitana wao kwa wao. Walikuwa na fundi wao, mwalimu wa hesabu anayesoma mwaka wa pili, mtu mzima mwenye kujiamini kuliko anavyojua. Karatasi yangu ya usione haya ilibaki pale juu ya dawati, inanicheka. Mwalimu wa Ole naye alipita kama wenzake. Siku za mwanzo alikuwa akitazama chini. Baadaye akawa anatazama mbele, na hiyo iliniuma zaidi.

Mama alifariki wakati huo. Aliugua siku chache tu. Nyumba yetu ya Ole imezungukwa na majirani kila upande, na siku ya maziko milango yao ilifungwa. Kaburi lilichimbwa na kaka zangu wawili na baba mwenyewe, mzee wa magoti mabovu, akishuka shimoni na kupandishwa. Wanawake waliomwosha walitoka Msuka. Nilikaa msibani na wanawake hao nikiuangalia mlango wa ua, na ninaweza kuapa kwamba sikuwa namngoja mtu mwingine ila mwalimu. Alikula chungu kimoja na mama. Alilala kwenye mkeka wake kule Msuka. Nikasema moyoni, hata usipokuja leo, utakuja kwenye hitima. Hitima ikasomwa, hakuja.

Nilirudi kazini nimebadilika. Nilikuwa na hasira nzito, ya kukaa, siyo ya kupiga kelele. Nilifungua mlango, nikawasha mashine, nikakaa.

Kiasi cha wiki tatu baadaye mwalimu aliingia mchana, akasaini, akakaa kwenye kompyuta iliyo mbele yangu moja kwa moja. Akauvua ule mfuko wa shingoni, akachomeka flashi. Nikamwona anafungua, anafunga, anafungua tena. Mgongo wake ukakakamaa. Kwenye kioo niliona anachokiona: ukurasa mweupe, hamna kitu. Lakini niliona pia kile ambacho yeye hakujua kukisoma. Kulikuwa na mstari mwekundu kuonesha kwamba flashi imejaa. Imejaa na haina kitu, maana yake ni moja tu. Ni virusi vilivyoenea siku zile, vinavyoficha mafaili bila kuyafuta. Yote yalikuwemo. Kuyatoa ni amri moja fupi, unaandika, unabonyeza, yanarudi. Nilikuwa nimeshawafanyia watu wasiohesabika, wengine wakalia kwa furaha pale dawatini.

Akageuka. Nadhani aligeuka kunitazama mimi. Nikaushusha uso kwenye daftari, nikaanza kupiga mistari mahali ambapo tayari palikuwa na mistari.

Akamwita mwalimu wa hesabu. Yule bwana akavuta kiti, akapekua, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima kwamba mafaili yameliwa, na virusi bado vimo, vitahamia mashine zote. Akasema dawa ni kuifomati, yaani kuifuta flashi yote ianze upya. Mwalimu akauliza vitu vyake je. Akamwambia, "Mwalimu, vitu gani? Si waona mwenyewe hamna?"

Yule bwana alichagua kufuta kukamilifu, ule ufutaji wa taratibu, maana alisikia ndio unaoua virusi kabisa. Angechagua ule wa haraka, hata siku ya pili ningeweza kuokoa. Mashine ikauliza kama ana uhakika. Akabonyeza. Ukatokea mchirizi wa kijani unaojongea kushoto kwenda kulia, na kwa mashine zetu zile zilizofufuliwa, ulijongea kwa uvivu. Robo saa, pengine zaidi. Kila dakika ya robo saa hiyo ilikuwa na kitu cha kuokolewa. Ningesema neno moja tu, simamisha, angesimamisha. Kutoka kitini kwangu hadi pale ni hatua nne.

Sikusimama. Sitaki kusema kwamba niliganda au kwamba sikujua la kufanya. Nilijua. Nilikuwa nikisema na mama moyoni, nikimwambia ona, hawakuja kukuzika, na wao waonje. Nilikaa nikautazama mchirizi mpaka ukafika mwisho, na ulipofika nilihisi raha. Naiandika raha hiyo kwa sababu ilikuwepo.

Niliondoka kazini alasiri kwa baiskeli. Nilikuwa nimepita mashamba ya muhogo, nimebakisha mwendo mdogo kufika nyumbani, nilipokisikia kicheko cha mama, na mara hiyo ndipo nikakumbuka kilikuwa wapi. Hicho kidude chasikia. Nilishuka, nikaiangusha baiskeli, nikakaa chini barabarani kwenye vumbi. Hatukuwa na picha yake inayosema. Hatukuwa na sauti yake kwenye simu ya yeyote kati yetu, maana nani angedhani. Sauti yake ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mimi nimeitazama ikifutwa kwa hasira ya kumpenda yeye.

Mwalimu hakupata shahada. Aliomba muda, akapewa, akarudi Msuka. Wawili katika wale kumi na mmoja walikuwa wameshakufa, na wengi wa waliobaki hawakutaka tena kusema na mtu, kwani siku hizo kila anayeuliza maswali alidhaniwa ametumwa. Muda ukamwishia. Alirudi kufundisha darasa la kwanza Ole. Nilikuwa nikimwona asubuhi akipita na chaki zake, mimi nikielekea chuoni, na hatukusalimiana. Maandishi ya ukutani niliyapaka chokaa, nikasema kalamu imefifia.

Miaka ikapita, watu wakaja kupatana. Wakubwa walipeana mikono kwanza, kisha wadogo wakafuata, wengine kwa moyo, wengine kwa kuchoka. Milango ya Ole ikafunguka. Baba aliposhikwa na maradhi, aliyemtembelea wa kwanza ni mmoja wa waliokosa barua zake, na wote wawili hawakulizungumza hilo.

Mwalimu aliingia maktaba asubuhi moja, karibu ya kustaafu kwake, amepungua mwili. Alikuja moja kwa moja kwenye dawati. "Assalamu alaikum, mdogo wangu." Nikaitikia, na sauti yangu nikaiona nyembamba. Alitaka nimsaidie simu yake, imejaa, haipokei ujumbe. Nikaishika, nikaanza kuisafisha. Alisimama akizitazama kompyuta. Hazikuwa zile tena, lakini zimepangwa vilevile.

"Mie nina jambo lako," akasema. "N'metaka kukwambia siku nyingi. Maziko ya mama yako sikuja. Mume wangu alinizuia, na mie nikakubali kuzuiwa, siwezi kumtupia yeye yote. Lakini ile siku flashi iliponiharibikia, weye ulikuwa umekaa hapa hapa. N'likuja kuitoa sauti ya mama yako. N'likuwa na flashi nyengine mkobani, mpya, n'tie humo maneno yake, nikuachie hapa mezani kimya kimya bila watu kuona. N'lisema angalau apate hiyo."

Nilikuwa nabonyeza simu yake bila kujua ninabonyeza nini.

"Ikawa si riziki," akasema. "Hebu n'ambie, weye ndiye mjuzi. Lau siku ile ningekuja kwako, zingerudi?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia virusi vile vilikuwa vinakula kila kitu, na hata mimi nisingeweza kitu. Nilisema bila kukwama, kama ninavyowaeleza wanafunzi.

Alishusha pumzi ndefu, akaweka mkono kifuani. "Alhamdulillahi. Miaka yote hino n'kijilaumu mwenyewe kwamba n'lishindwa na hatua nne." Akainua mikono pale pale juu ya dawati, akamwombea mama yangu rehema, kwa jina lake na jina la baba yake, polepole, hakuacha kitu. Nikaitikia amina.