Sikio la Ng'ombe Wetu

Vijana wanaochora siku hizi huniuliza ni nani aliyenitengenezea alama yangu. Hakuna. Ni sikio la ng'ombe, lina mkato pembeni na tundu dogo chini ya mkato. Kabla haijawa yangu ilikuwa ya baba.

Kwetu kila boma lilikuwa na namna yake ya kukata masikio ya mifugo, ng'ombe akipotea ajulikane ni wa nani. Wetu walikatwa hivyo. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, walichukuliwa wote, na mimi sizunguki: aliyewachukua ni homgadi wa kijiji chetu, mgambo wa hao wakoloni, jirani aliyekuwa akila githeri kwa mama. Masomo yangu yaliishia hapo, karo ilikuwa imeondoka nao. Baada ya Uhuru nilimkuta kanisani akipitisha sahani ya sadaka, amenyoosha tai.

Rangi nilijifunza mjini Nyeri, mtaa wa Majengo, kwa fundi mwenye chumba karibu na msikiti. Huyo naye simfichi. Mimi nilichora, yeye akaweka sahihi. Simba wa baa, jogoo wa hoteli, ng'ombe wa bucha, yote mkono wangu, na chini kwenye kona jina lake kwa herufi nyekundu. Nikilalamika anacheka.

"Wewe jina lako nani anajua? Watu wanataka jina!"

Nilitaka mtu mmoja tu apite njiani, atazame ukuta, aseme huyu ni fulani. Nikaanza kutafuta alama ya kwangu. Nilijaribu herufi za jina langu, zikakaa kama za mtoto kwenye kibao cha shule. Nilijaribu mlima, lakini mlima kila duka la Nyeri linao. Halafu siku moja nachora ng'ombe wa bucha iliyo njia ya kwenda Skuta, nikafika kwenye sikio, mkono wenyewe ukalikata. Nikacheka peke yangu. Kuanzia hapo nilirudi kwa wote, nikisema naongeza rangi. Simba nilimkata sikio. Jogoo hana sikio la kukatwa, basi nikamkata kile chekundu cha kichwani. Fundi hakuona kitu. Yeye alitazama kona ya jina lake tu.

Mama alikuwa hajui lolote. Alikuja mjini na kabichi zake, akapita mbele ya bucha, akasimama. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, ukuta wa pili, napaka duka la viatu. Nikamwona anatua mzigo.

"Nani ameleta ng'ombe yetu hapa?"

Mwenye bucha akatoka na kisu. "Ng'ombe gani, mama? Hapa iko nyama tu."

"Hii ya ukuta! Tazama sikio. Hii ni ya bwana yangu."

Watu wakaanza kujaa. Mmoja akapaza sauti, "Mama, hiyo ukikamua utapata mafuta taa!"

"Sijaomba maziwa," mama akamjibu. "Nauliza nani amechora. Hiyo alama ni ya boma yetu peke yake."

Fundi alikuwa ndani ya bucha akila mutura, utumbo uliojazwa nyama. Akajitokeza amevimba. "Ni mimi nimechora. Soma jina."

"Kusoma sijui. Niambie sikio imekatwa na nini."

Fundi akalitazama lile sikio kama mtu anayeonyeshwa shimo kwenye suruali yake. "Hiyo... ni rangi imebanduka."

"Ati imebanduka?" akasema mwanamke wa ndizi. "Na simba wa baa naye amebanduka hapo hapo?"

Umati wote ukakimbilia baa, ukapitia na hoteli. Walirudi wakishikana mabega kwa kicheko. "Hata jogoo! Hata jogoo amekatwa!"

Mama akainua macho, akaniona na brashi yangu. Hakuniita kwa jina.

"Wewe. Shuka."

Mwenye bucha alinipa kitambaa na petroli, nikafuta zile herufi nyekundu mwenyewe, watu wakipiga makofi. Fundi aliondoka na ngazi yake. Hiyo ilikuwa haki yake, sibishi. Duka la viatu nililimalizia juu ya kreti za soda.

Nikakodi chumba hapo hapo Majengo, nikapaka sikio kubwa jeusi juu ya mlango, nyuma yake rangi ya manjano, bila neno hata moja. Watu walikuja hadi kutoka Kiriaini wakiuliza, "Hapa ndio kwa Sikio?" Lakini mtu wa kwanza kulikagua alikuwa mama. Alisimama barabarani, mikono kiunoni, akatikisa kichwa.

"Tundu umeweka juu sana. Baba yako alikuwa anatoboa chini."

Nikapanda tena kwenye kreti. Nikafuta, nikashusha, nikashusha tena, na yeye huko chini, kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ng'ombe waondoke, ananielekeza:

"Bado. Bado kidogo. Hapo!"