Wifi Yangu Alipokuja Wodini Kutasa

Binti yangu alikuwa na ugonjwa wa figo. Uso ulimvimba kila asubuhi hadi macho hayaonekani, na vidonge alivyopewa hospitalini Voi ndivyo vilivyomrudishia sura yake. Daktari alituonya mapema kwamba dawa ile hulegeza kinga ya mwili, kwa hiyo mtoto asikaribiane na wagonjwa. Nikamfungia ndani kama kuku anayeatamia. Tetekuwanga ikaingia mtaani hata hivyo. Wenzake walijikuna siku kadhaa wakarudi kucheza. Kwake ilipanda kichwani.

Alishikwa na homa, akatapika, kisha degedege. Tulipomfikisha wodini hakunijua. Daktari alisema virusi vimeingia kwenye ubongo, jambo la nadra sana, na hatari zaidi kwa mtoto ambaye kinga yake imedhoofika.

"Mama, kupona anaweza kupona," aliniambia. "Lakini akili itarudi kiasi gani, sijui. Huenda asikumbuke chochote."

Nilimchukia mtu yule kwa kusema kweli.

Homa ikashuka, degedege likakoma. Mtoto akafungua macho, akawa anatazama dari tu. Nikimwita, kimya. Nikimwonyesha baba yake, kimya.

Ndipo wifi yangu, dada wa mume wangu, alipoteremka kutoka Chawia na chupa ya maji ya miwa. Kwetu Taita, mtoto akiugua kwa muda mrefu, ndugu hujiuliza nani ana kinyongo. Mwenye nacho hukitaja waziwazi, hupiga funda la kinywaji na kulitema kwa kulipuliza, huku akiombea baraka. Huko ndiko kutasa. Na mwenye kinyongo nami alijulikana, maana tulikuwa hatujasalimiana tangu Krismasi. Nilimwambia kwa ukali kwamba kinachomuumiza mtoto ni virusi, si yeye.

"Virusi ni vya daktari," akajibu. "Hii hasira ni yangu, na nimechoka kuibeba."

Sista wa wodi akakataza katakata maji ya miwa yasitemwe kwenye sakafu yake. Wakabishana weee, mwisho wakakubaliana: maji ya bomba, ndani ya karai.

Wifi akaanza. "Nilikasirika kaka yangu alipooa mwanamke asiyejua kupika kimanga. Itoke!" Akapuliza maji karaini. "Nilikasirika mtoto asipopewa jina la mama yangu. Itoke!" Akapuliza tena. "Nilikasirika sikuitwa kwa ubatizo. Itoke! Mtoto apoe, apone, awe mzima."

Wodi nzima ilikuwa imetega sikio. Uso uliniwaka kwa aibu. Wifi akajifuta mdomo, amemaliza.

"Shangazi," sauti kavu ikatoka kitandani, "hujasema ya mbuzi."

Tukatazamana, mimi na wifi. Siku ya kisa cha mbuzi tulikuwa watatu tu pale uani: sisi wawili na mtoto huyu. Nikapiga yowe, daktari akaja mbio akidhani mambo yameharibika. Nilishindwa kueleza, nikawa namwonyesha mtoto tu kwa kidole. Akainama, akamuuliza polepole ni mbuzi gani.

"Yule mweupe wa mama. Alikula sketi ya kwaya ya shangazi, na mama akacheka."

Yote yalikuwa kweli, hata kicheko. Sijawahi kushtakiwa mbele za watu nikafurahi kiasi kile.