Kaburi la Nne Mlimani

Siku hizi watu wa Dodoma wakipata mgeni siku ya Jumapili humpeleka mlimani kwetu kutazama mapangaboi. Ndivyo tunavyoiita ile mitambo ya upepo, ingawa haijawahi kumpoza mtu jasho. Imesimama mgongoni mwa mlima, na ukishavuka Buigiri unaanza kuiona ikizunguka polepole, mapanga matatu kwa kila nguzo. Chini ya nguzo ya kwanza pana uwanja wa wageni, vibao vya maelezo na duka la soda. Watu hupiga picha wameinua mikono, ionekane wameishika nguzo kiganjani. Huwa nawatazama na kukasirika, nikijua kabisa hawajanikosea lolote.

Uwanja ule ni nyumbani. Tembe letu lilikuwa pale pale penye duka la soda. Miezi ya kipupwe upepo ulivuma hata tukala ugali wenye mchanga, na baba alikuwa akitukana upepo kila asubuhi kabla hajafungua zizi. Mama peke yake ndiye aliyeupenda, kwa sababu ya kupepeta uwele. Alisimama juu ya mwamba bapa kando ya nyumba, ungo ameuinua juu ya kichwa, akauachia upepo umalize kazi. Mwamba huo una shimo lililochimbika kwa miaka mingi ya kusagia nafaka. Nyumba imekwenda lakini mwamba bado upo.

Nilipokuwa na umri wa miaka saba mama alijifungua mtoto wa kike, akaishi wiki chache. Nilipewa kumpakata mara mbili. Alikuwa na nywele nyingi na hakuwa mlizi. Halafu asubuhi moja hakuamka.

Kwetu mtoto ambaye hajaota meno hazikwi na wanaume. Hawekewi matanga wala jiwe, na halii mtu. Wanawake wawili watatu humpeleka nyuma ya nyumba, wakachimba, wakafukia, wakasawazisha, na jioni mama mtu anapika kama kawaida. Wanaume huondoka au hugeuka. Baada ya hapo hatajwi tena, kwa kuwa kumtaja ni kumfungia njia atakayemfuata. Mpaka leo sijui kama waliotuachia desturi hiyo walikuwa wana huruma au walikuwa wakatili. Labda walikuwa wamezika wengi mno.

Mimi sikugeuka. Nilichungulia kwenye ufa wa ukuta, nikamwona mama akitembea kutoka kwenye mwamba kuelekea machweo, akihesabu hatua kwa midomo. Zilikuwa sita. Rafiki yake, jirani yetu, ndiye aliyeshika jembe. Bibi mzaa baba alinikuta pale ukutani akanizaba kofi.

"Hukuona kitu," akasema.

"Sikuona, bibi."

Jibu hilo nililishika kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mradi wa umeme ulipokuja nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kikuyu, Dodoma, nahangaika na vibarua vya mjini. Mkandarasi alitafuta mtu anayeujua mlima na anayesema Kigogo, nikapata kazi ya karani. Nilipewa kofia ngumu, kizibao cha kung'aa na fomu. Kazi yetu ilikuwa kuorodhesha kila kilichokuwa mlimani kabla watu hawajahamishiwa bondeni: nyumba, mazizi, miti, makaburi. Makaburi yalipangiwa kuhamishwa kwa heshima, kwa sanda mpya na mchungaji. Sina la kulalamika hapo. Kilichoorodheshwa kilihamishwa.

Siku ya zamu yetu nilifika nyumbani na wapimaji watatu, wote wanaume. Mama alitoka akatusalimu, akatupa vigoda. Nikamuuliza kwa Kiswahili cha ofisini, kalamu mkononi, mbele ya wanaume wale, "Mama, makaburi ya familia ni mangapi?"

Akajibu kwa Kigogo, "Waliozikwa na wanaume ni watatu."

"Amesemaje?" akauliza mkubwa wetu.

"Watatu," nikasema. Nikaandika: babu, bibi, baba.

Sikukosea kutafsiri kwa bahati mbaya. Nilimwelewa mama vizuri sana. Alikuwa amesema yote ambayo desturi inamruhusu kusema mbele ya wanaume, na lililobaki aliniachia mimi, mwanawe, niliyekuwa na kalamu. Ningeweza kumpeleka kando. Ningeweza kurudi jioni bila kofia wala kizibao nikamuuliza tena, au nikampelekea mwanamke mwenzake amuulize. Lakini jua lilikuwa kali, gari lilikuwa linanguruma, na mimi nilitaka kuonekana karani hodari anayemaliza boma moja kwa dakika kumi. Isitoshe, bibi alishaniambia, hukuona kitu. Niligeuza ukurasa.

Wale watatu walihamishwa bondeni, wakalazwa kwa mstari chini ya mchongoma. Mama alipewa nyumba ya bati karibu yao. Mlimani wakaanza kuchimba msingi wa nguzo ya kwanza, shimo ambalo lingeweza kumeza tembe letu na zizi lake. Wakapanga nondo, wakamwaga zege. Nilikwenda mara moja kuchukua malipo yangu ya mwisho, nikachungulia shimo lile, nikatazama ulipo mwamba, nikaondoka bila kuaga. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu yalinifikia kabla hata sijaoa.

Mama hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu. Nilipata kazi ofisini, nikahamia mtaa wa Area D, nikanunua kigari kikuukuu, na kila nilipomtembelea alinipikia mlenda na kuniuliza habari za mjini. Mpaka mwaka jana, alipokuwa amekonda na miguu inavimba, akaniambia nimpandishe mlimani.

"Nataka kumchukua," alisema. "Wenzake wote wako hapa chini. Mimi nikija kulala hapa, yeye atabaki juu na nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja. Akanionyesha kitambaa cheupe alichokikunja ndani ya kanga, akasema hahitaji kingi, konzi moja tu ya udongo wa pale alipolala. Rafiki yake wa jembe, ambaye sasa ni ajuza kama yeye, angetungoja makaburini.

Tukapanda kwa gari. Kule juu tulipokewa na binti mwongoza wageni, mcheshi na mwenye adabu. "Shikamoo bibi," akasema, akamvika mama kofia ngumu juu ya kilemba, maana ndiyo sheria. Akatueleza urefu wa nguzo na uzito wa mapanga. Mama aliitikia kila kitu huku anautafuta mwamba. Ulikuwa umepakwa rangi nyeupe pembeni, familia moja imeukalia inapiga picha. Akawangoja wamalize. Kisha akasimama pale alipokuwa akipepetea, akageukia machweo, akaanza kutembea.

Hatua ya nne ikagonga zege.

Alisimama, akaligusa kwa ncha ya kiatu. Juu yetu mapanga yalikuwa yakipita, fuu, fuu, kila moja na kivuli chake. Mama akamwuliza binti yule kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwanangu, udongo wa hapa mliupeleka wapi?"

"Haukupotea hata kidogo, bibi!" akajibu kwa furaha, maana hilo alikuwa amefundishwa kulieleza. "Wote uliotoka kwenye shimo hili ndio uliojaza barabara mliyopanda nayo."

Mama alivua kofia akamrudishia kwa mikono miwili. Akasema ahsante. Halafu akaanza kuteremka, lakini si kwa barabara. Alipita kando, kwenye miiba na mawe, na kila barabara ilipokunja kona alikunja nayo huku akiiacha upande wake wa kulia, asiikanyage. Nikamfuata. Nilimwambia miguu yake ni mibovu, nikamwomba nimbebe. Akazidi kuteremka. Miiba ilimchana hadi damu ikatiririka kwenye vifundo, na wageni waliokuwa wakipanda kwa magari walipunguza mwendo watushangae.

Tulipofika chini nilimketisha juu ya jiwe. Gari lilikuwa bado juu, na ya kuliteremshia ilikuwa barabara hiyo hiyo moja. Nikapanda tena peke yangu kwa njia ya miiba, nikaingia garini, nikateremka. Niliendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha katika maisha yangu. Niliona aibu kwa kila mzunguko wa tairi.

Mama aliponiona nimesimama hakupanda. Alipiga magoti kwa shida kando ya gurudumu la mbele, akatandaza kile kitambaa cheupe, akaanza kukwangua vumbi jekundu kwenye tairi kwa kucha. Alikwangua magurudumu yote manne. Likapatikana kidogo, hata konzi halikujaa. Akakifunga kitambaa fundo, akalipakata hadi makaburini.

Rafiki yake alikuwa tayari na jembe. Mama akaniangalia.

"Simama kule," akasema. "Geuka."

Nilisimama kule, nikageuka. Sikuchungulia. Mbele yangu ulikuwa mlima na mapangaboi yakizunguka. Jembe lilipogonga ardhi nilianza kulia kwa sauti, jambo ambalo kwetu halifanywi kwa mtoto ambaye hajaota meno. Hakuna aliyeninyamazisha.