Bridi ya Sabini na Mbili

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nikiwa nimeketi kwenye baraza la Maman Zubeda hapa Kamembe, nikisema uongo kwa sauti ndogo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimesikia kwamba umeitupa kroshe yako, ile sindano ya kufumia, sakafuni, ukakunja na karatasi ya maelekezo, ukisema kazi hii ni ya watu wenye akili za namna nyingine. Iokote kwanza. Mimi naandika polepole, kama nilivyozoea kusoma polepole, kwa hiyo na wewe usinisome mbio.

Wakati ule vita ya Kongo ilikuwa imewaka tena, na mpaka ulifungwa leo ukafunguliwa kesho. Sisi tulikuwa tumerudi Rwanda, lakini dada yangu Furaha alibaki Bukavu kwa mume wake. Kutoka kwetu tuliziona nyumba za Bukavu ng'ambo ya ziwa, mabati yake yaking'aa, lakini wiki zile zilikuwa mbali kama Ulaya. Tulijua ana mimba. Hatukujua zaidi.

Ijumaa moja mama mmoja mchuuzi alivuka na kapu la samaki akatuletea habari mlangoni, hata hajatua kapu: "Furaha amezaa! Mtoto mwanamke! Mpaka ukibaki wazi, Jumamosi ya wiki ijayo anavuka naye!"

Mama alicheka na kulia pamoja. Baba akatoka nje akatembea tu huku na huku, kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Huyo alikuwa mjukuu wao wa kwanza.

Kisha mama akakumbuka desturi. Katika ukoo wetu mtoto haingii nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa amefunikwa kwa kitu cha kununua. Anaingia amefungwa shali iliyofumwa na mkono wa mtu wa nyumba hiyo. Mimi nilifumiwa na bibi yangu, na Furaha pia. Lakini tulipokimbia vita, sanduku la bibi lilibaki, na bibi mwenyewe alikuwa ameshafariki. Mama hakujua kufuma. "Tutaazima kwa majirani," alisema, akitazama chini.

Sijui nilipata wapi ujasiri, mimi ambaye nilikuwa nikijificha jikoni wageni wakija. Nikasema, "Mimi nitaifuma."

Wote wakanigeukia. Ahadi ni deni, na yangu niliitoa mbele ya baba na mama.

Kweli nilikuwa nakwenda kwa Maman Zubeda tangu mwezi uliotangulia, lakini si kwa sababu nilijua kufuma. Alikuwa mama wa Kiislamu, mwenye mikono mikubwa na kicheko kikubwa kuliko mikono, na hakuwahi kukaa darasani. Alikuwa na karatasi za kufumia zilizochapwa kwa Kifaransa. Picha zake alizielewa, maneno hayakumwambia kitu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, basi aliniita niwasomee yeye na wanawake wenzake. Nilisoma kwa kusuasua, nikiweka kidole chini ya kila neno, nao walifuma. Niliheshimiwa pale, mwanangu. Na heshima ile ndiyo iliyonifunga mdomo. Msomaji atauliza vipi maana ya anachokisoma?

Jumamosi nilinunua sweta mbili za mitumba sokoni, moja nyeupe na moja ya njano, nikazifumua nyuzi zake. Uzi wa sweta ya zamani hutoka umejikunja kama nywele. Unaulowesha, unauning'iniza na jiwe dogo chini, nao unanyooka. Asubuhi ya Jumapili nilikuwa na mabonge mawili, na furaha iliyonikosesha hamu ya chai.

Karatasi ya shali ilikuwa fupi. Anza na mnyororo, kisha weka bridi sabini na mbili kila mstari, mistari hamsini. Bridi ni kile kitanzi kirefu kinachosimama kama kijiti cha uzio. Nilikiweza kwa kuwatazama wao. Mkono ulikuwa unaenda.

Sasa sikiliza desturi ya baraza lile. Kila aliyemaliza mstari alihesabu bridi zake, akataja hesabu kwa sauti, na jirani yake akamwitikia, "Imefika!" Wengine walihesabu kwa Kiswahili, wengine Kinyarwanda, wengine Kifaransa. Ukipita njiani ungedhani ni mnada. Mimi niliona haya kuhesabu mbele ya watu. Macho yao yakinielekea, nilipoteza hesabu kwenye ishirini. Basi nilifika mwisho wa mstari, nikagusagusa uzi kwa kidole, nikasema, "Sabini na mbili." Na Odette, rafiki yangu aliyekaa kando yangu, akaitikia bila hata kuangalia: "Imefika!"

Mstari wa kwanza nilihesabu kweli. Kuanzia wa pili, nilitaja tu. Hii ndiyo aibu yangu, nakupa nzima nzima.

Kufikia Jumanne nilikuwa na mistari ishirini na moja. Niliona kitu hakiko sawa. Kitambaa kilikuwa kinapungua upana, kidogo kidogo, pande zote mbili. Nilikivuta kwa nguvu ili kinyooke. Nilikikunja mapajani ili kisionekane. Nikajiambia kitajirekebisha chenyewe mbele ya safari. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu chini ya kitenge.

Odette ndiye aliyekivuta, kwa mchezo tu. Akakiinua juu.

"Ee! Sasa hii ni shali ya mtoto ao ni karavati ya Papa yako?"

Kweli kilikuwa kimesongoka kama tai ya shingoni. Baraza zima likacheka. Nilitamani ardhi inifungulie mlango. Lakini Maman Zubeda hakucheka. Alikitandika kitambaa kwenye mkeka, akakunja ukingo wa juu juu ya ukingo wa chini, na kila mtu akaona. Akahesabu kwa kucha ya kidole gumba, bila haraka. Chini, sabini na mbili. Juu, hamsini na mbili.

"Asubuhi hii ulituambia ngapi?" aliuliza.

Nikaanza kukunja pindo la kitenge changu.

"Nakuuliza, mwana wangu. Ulituambia ngapi?"

"Sabini na mbili, Maman."

"Na Odette alikuitikia nini?"

"Imefika."

Akakirudisha kitambaa mapajani kwangu. "Kukosa si kitu. Mimi nilifuma kofia ya bwana yangu, ikamwenea mbuzi. Lakini weye ulisema imefika na ulijua haijafika. Ukamfanya Odette akuwe muongo pasipo yeye kujua. Batoto ba siku hizi munaogopa kuchekwa kuliko munavyoogopa kupotea. Juu ya nini haukusema?"

Machozi yalinishuka. "Niliona haya. Mimi njo ninawasomea ninyi."

"Njo hivyo!" alisema, na sauti yake ikalainika. "Mimi sijui kusoma, kila siku nasema sijui, na bado nakula ugali. Shika uzi. Fumua."

Pale kwake aliyekosea alifumua mwenyewe, na jirani yake alizungusha bonge. Nikavuta. Mwanangu, kazi ya siku tatu iliondoka kwa muda wa kuchemsha maji ya chai. Trrr, trrr, mstari baada ya mstari. Nilidhani moyo wangu utaondoka nao, lakini nitakuambia jambo la ajabu. Tulipofika katikati, niliona wepesi. Hakukuwa na kitu tena cha kuficha. Odette alizungusha bonge huku akininong'oneza, "Nisamehe ile karavati," mpaka tukacheka wote wawili.

"Sasa chukua karatasi," Maman Zubeda alisema. "Soma yote. Usiache hata inzi aliyekufa juu yake."

Nikasoma, kidole chini ya maneno. Mnyororo. Bridi. Mwisho wa mstari, vitanzi vitatu vya mnyororo, geuza kazi. Nikaruka kwenda mstari unaofuata.

"Simama. Kuna maneno umepita. Naona kidole chako kimeruka."

"Hayo yako kwenye mabano, Maman. Siyo ya lazima."

"Nani alikuambia?"

"Mwalimu wetu wa shule. Alisema ya kwenye mabano unaweza kuyaacha."

"Mwalimu yako alikuwa anafuma?"

Wanawake walicheka tena, lakini safari hii hata mimi nilicheka. Nikarudi kwenye mabano nikasoma. Yalisema vile vitanzi vitatu vya kugeukia vinahesabiwa kama bridi ya kwanza.

Maman Zubeda akapiga paja lake. "Ndiyo ile! Hiyo tunaijua kwa mikono, kwa hiyo hatukukuambia. Kosa letu pia hilo." Akashika kidole changu akakipeleka ukingoni mwa kazi yake. "Gusa. Hivi vitatu si ngazi ya kupandia tu. Ni mtu mzima amesimama. Ukirudi huku, mwisho wa mstari, anakungojea umuwekee bridi kichwani. Weye ulikuwa unamuacha. Kila mstari unamuacha mmoja nje ya nyumba."

Na mimi nikaona! Sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama ukungu umeondoka ziwani. Maneno ya karatasi na vitanzi vya uzi, ambavyo vilikuwa vitu viwili, vikawa kitu kimoja. Kumbe karatasi ilikuwa inaongea juu ya kitu hiki ninachokigusa! Nikaanza upya palepale. Nilipofika mwisho wa mstari wa pili nilimtafuta yule mmoja, nikamkuta, nikaingiza kroshe kichwani pake. Kisha nikahesabu. Kwa sauti, mbele ya watu wote, mashavu yakiwaka moto. Sitini na tisa. Sabini. Sabini na moja.

"Sabini na mbili!" Nilipaza sauti mpaka mwenye duka la jirani akachungulia.

"Ngoja, siku hizi mimi nahakikisha," Odette alisema. Akahesabu mwenyewe, akirudia mara mbili kunitesa, halafu akaitikia, na baraza lote likaitikia naye.

Tangu hapo nilifuma kama mwenye homa. Nilifuma nikingoja maharage yaive, nilifuma nikienda kisimani. Kila mstari nilihesabu. Nilikosea bado, mara tano au sita, lakini kosa la mstari mmoja linafumuliwa kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

Jumamosi ilifika, mpaka uko wazi, nami niko mstari wa thelathini na nne. Kati ya hamsini! Nikamkimbilia Maman Zubeda. Nikamwambia nataka kufuma harakaharaka bila kuhesabu, walau nifike mwisho.

"Mupeleke yenye iko," alisema. "Ile iko ya kweli. Mtoto mwenyewe ni mufupi."

Basi nilisimama kwenye kizuizi cha mpaka, pale darajani Rusizi, na mama, nikifuma wima, bonge likiwa kwenye kikapu. Watu walipita na magunia na kuku. Ghafla mama akanishika bega kwa nguvu. Furaha alikuwa anakuja juu ya daraja, amekonda, anacheka, kifuani ana kitu kidogo ndani ya taulo.

Nilikuwa katikati ya mstari. Nikachomoa kroshe, nikakivuta kitanzi kikawa kirefu, nikakifunga kwa pini. Mama akaondoa taulo, nami nikamfunga mtoto kwa mikono yangu. Shali ilimtosha kuanzia shingoni mpaka magotini. Vidole vya miguu vilibaki nje, akavikunjua kama anatusalimia.

Mtu wa forodha akaona uzi unaotoka kwa mtoto mpaka kwenye kikapu changu. "Haya, na huyu? Mtoto amefungwa kamba asitoroke?"

"Bado namfuma, chef," nilimjibu. Mimi! Nilimjibu mtu wa serikali! Akacheka, akatupungia mkono tupite.

Tukapanda kilima kuelekea nyumbani hivyo hivyo, Furaha mbele na mtoto, mimi nyuma na bonge, nikienda hatua kwa hatua naye ili uzi usikatike. Baba alisimama mlangoni. Mtoto akaingia.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Karatasi ya maelekezo soma neno kwa neno, na kila neno lishike kwa kidole kwenye uzi, maana maelekezo yasiyoguswa ni kelele tu. Usiruke dogo, dogo ndilo linaloshika ukingo. Hesabu kila mstari, na hesabu yako iseme kwa sauti hata kama inatetemeka. Ukiwa hujui, sema sijui, kwa kuwa auliziaye njia hapotei. Na ukilazimika kufumua, fumua bila kulia sana: uzi haujapotea, uko mkononi mwako, na sasa mkono una akili zaidi.

Mungu ainyooshe mikono yako, akupe majirani wa kukuhesabia kwa haki, na kila utakayemfunika kwa kazi yako apate joto. Amina.