Pole Nusu

Juzi nilipeleka mapazia kwa dobi pale Hurlingham. Aliyepokea nguo kaunta ni dada wa kiti cha magurudumu, mikono yake imekakamaa, maneno humtoka kwa shida. Kando yake alisimama mama anayemfundisha kazi.

Mteja mbele yangu alikitazama kile kiti. "Pole sana, siz."

Dada akafungua mdomo, neno likakawia. Mama akajibana midomo kwa vidole, asije akamjibia.

"Na kazi," dada akasema mwishowe.

"Ati?"

"Sema pole na kazi."

Mteja akatabasamu kwa haya. "Pole na kazi, siz."

"Asante. Leta nguo."

Wakubwa wakipanga kuboresha usaidizi kazini kwa wenye ulemavu mkubwa, wamwite yule mama awafundishe kunyamaza.